Kipande kimoja cha kirusi cha tilapia kinathibitisha nini?

Tilapia anayekaangwa jioni kando ya barabara Kayole, Umoja au Dandora, jijini Nairobi, mara nyingi amepitia soko la Gikomba. Kabla ya hapo alivuliwa Ziwa Viktoria, au alifugwa kwenye bwawa, au aliingia nchini kutoka China akiwa amegandishwa. Mwaka 2018 Kizito Mugimba na wenzake walipochapisha kwamba kirusi cha tilapia, TiLV, kimegunduliwa Ziwa Viktoria, upande wa Uganda na Tanzania, swali la kwanza kwa mfanyabiashara wa samaki lingekuwa: kimetoka wapi? Kazi yao haikujibu swali hilo, na sababu iko katika namna kirusi hiki kinavyoainishwa.

TiLV kilielezwa mara ya kwanza mwaka 2014 nchini Israel, baada ya tilapia kupungua sana katika Ziwa Kinneret. Mwaka 2016 Eran Bacharach na wenzake walisoma jenomu nzima, yaani chembe zote za urithi za kirusi: vipande 10 vya RNA vyenye jumla ya herufi 10,323. Kipande cha kwanza pekee kilifanana, tena kwa mbali, na jeni ya kirusi cha mafua, influenza C. Tisa vilivyobaki havikufanana na chochote kilichojulikana. Basi watafiti walijuaje kwamba vyote ni vya kirusi kimoja? Walitazama ncha. Vipande vyote 10 vina herufi zinazolingana mwanzoni na mwishoni, na ncha hizo mbili zinaweza kushikana, jambo ambalo ni desturi ya virusi vya mafua. Baadaye TiLV kilipewa familia yake chenyewe, Amnoonviridae, ndani ya oda moja na virusi vya mafua.

Ziwa Viktoria kazi ilikuwa tofauti. Walichukuliwa samaki 191, wa kufugwa na wa porini, wakatolewa sampuli 442 za viungo na kupimwa kwa PCR, kipimo kinachonasa sehemu fupi ya jenomu na kuizidisha hadi isomeke. Sampuli 28 zilikuwa na kirusi. Bandama zilitoa 21 kati ya 191, sehemu ya mbele ya figo 5 kati ya 65, moyo 1 kati ya 29, ini 1 kati ya 140, na ubongo haukutoa hata moja kati ya 17. Ini na ubongo ndivyo viungo vinavyoshambuliwa sana ugonjwa unapolipuka. Laiti watafiti wangevitegemea hivyo viwili tu, wangepata sampuli moja kati ya 157, na huenda maambukizi yangeonekana kuwa haba sana.

Herufi zilizosomwa zililinganishwa na za Israel na Thailand, zikaonekana kuwa za ukoo mmoja. Hapo ndipo msomaji anapaswa kusimama. Virusi viwili vikiingia seli moja, vinaweza kubadilishana vipande, kama karata zinazochanganywa na kugawanywa upya. Mwaka 2020 jenomu nzima ya TiLV kutoka Bangladesh ilionyesha tatizo hilo: mti wa ukoo uliochorwa kwa kipande kimoja haukukubaliana na uliochorwa kwa kingine. Sehemu fupi ya jenomu inatosha kutambua kirusi ni cha ukoo gani, lakini haitoshi kuonyesha njia ambayo kilipitia.

Vivyo hivyo kwa samaki wa kufugwa na wa porini. Kiwango cha maambukizi hakikutofautiana kati yao, lakini ulinganifu huo hausemi nani alimwambukiza nani. Huko British Columbia, Kanada, swali kama hilo kuhusu salmoni na kirusi PRV lilihitaji jenomu nzima. Uchambuzi wa mwaka 2021 ulitumia mabadiliko yanayojilimbikiza katika jenomu kukadiria wakati, ukahitimisha kwamba kirusi kilitoka Ulaya miaka 30 hivi kabla ya hapo.

TiLV hakijulikani kuambukiza binadamu, hivyo mlaji wa Umoja hana sababu ya kuogopa sahani yake. Hatari ni ya mfugaji anayenunua vifaranga, kwa kuwa samaki wanaweza kubeba kirusi bila dalili. Anayetaka kulaumu samaki wa China au vizimba vya jirani alete kwanza jenomu kamili kutoka pande zote mbili. Ushahidi wa ziwa wa mwaka 2018 unamruhusu kudai jambo moja tu: kwamba chembe za urithi za TiLV zilikuwemo.