Kwa nini wataalamu hujimega: kutoka saketi hadi dawa

Mwishoni mwa 2016, wengi wa waliokuwa wakiiendeleza gEDA, programu huria ya kuchora saketi iliyoanzishwa na Ales Hvezda mwaka 1998, waliuchukua msimbo wake wote wakaanzisha Lepton EDA. Mojawapo ya mambo yaliyowatenganisha ni sehemu inayogeuza mchoro kuwa orodha ya miunganisho: ibaki katika lugha ya Scheme, au ihamie Python? Walio nje huyatazama mambo haya kama ugomvi wa watu wenye majivuno. Nadhani wanaanzia mahali pasipofaa. Mara nyingi anayejimega ni mtu aliyekosa pa kuliweka hitaji lake ndani ya programu ya awali, na upungufu huo ni wa muundo kabla haujawa wa tabia. Ushahidi ulio karibu nasi zaidi uko kwenye dawa.

Kituo cha afya cha kata kama Ihanja, wilayani Ikungi mkoani Singida, huagiza dawa kwa fomu ya taarifa na maombi, maarufu kama R&R. Mhudumu huandika salio la mwanzo, alichopokea, kilichoharibika na salio la mwisho; akijumlisha viwili vya kwanza na kutoa viwili vya mwisho, anapata matumizi. Katika utaratibu wa kuagiza kila robo mwaka, vituo viligawanywa makundi matatu, A, B na C, ili maombi yote yasiifikie Bohari ya Dawa (MSD) mwezi mmoja. Fomu ilipanda wilayani, kisha kanda ya Dodoma, inayohudumia Singida. Kazi hiyo ndiyo iliyoingizwa kwenye eLMIS kuanzia 2013, mfumo uliojengwa juu ya OpenLMIS, programu huria ambayo Tanzania na Zambia zilikuwa za mwanzo kuitumia. Lakini eLMIS ilipaswa kuongea na Epicor 9, mfumo wa MSD wenyewe, na baadaye kubeba taarifa za chanjo. Toleo la pili la OpenLMIS halikuwa na nafasi ya kutosha ya kupachika mambo ya nchi moja bila kugusa kiini. Wataalamu wakagusa kiini, na msimbo wa Tanzania ukaachana na ule wa wote. Nchi nyingine zilizotumia toleo hilo zilipita njia hiyo hiyo.

Atasema mtu kwamba nchi zenye wataalamu wachache hazina ruhusa ya kutawanya nguvu. Hoja hiyo ina uzito. Ila robo mwaka haisubiri makubaliano ya waandishi wa programu walio mabara mbalimbali. Dawa isipoagizwa kwa wakati, rafu ya kituo inabaki tupu. Tena leseni ya OpenLMIS, AGPL, inaruhusu hatua hiyo waziwazi. Na tazama upande wa pili: KenyaEMR ilijengwa kwa moduli juu ya OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza 2004 ukiwa na mizizi Eldoret. Wakenya waliweka fomu na ripoti zao bila kuukata mti wenyewe, kwa sababu OpenMRS ilipangwa mapema kupokea nyongeza. KiCad nayo, iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras mwaka 1992, huwaachia watumiaji waongeze vyao kwa Python, na anayetaka mafaili ya kiwanda fulani hana haja ya kujimega.

Pingamizi gumu zaidi ni Lepton yenyewe: pale ubishi ulihusu kiini, na hakuna moduli ambayo ingeumaliza. Nakubali. Muundo mzuri hupunguza sababu za kuondoka, hauzimalizi, na walio wengi wakihama na kazi, hao ndio wanaoirithi. Lakini gharama haionekani siku ya kuhama. Huonekana miaka inayofuata, kila rekebisho la usalama linapotoka upande wa pili na kulazimika kuingizwa kwa mkono. Waandishi wa OpenLMIS waliuona mzigo huo, wakaandika upya toleo la tatu, lililotoka 2017, likiwa limegawanywa katika huduma ndogondogo ili nchi ibadili yake bila kugusa ya wenzake. Kwa hiyo wizara au taasisi inayotaka kujenga juu ya programu huria iulize kwanza ni wapi nyongeza zake zitakaa. Jibu likiwa ni kwenye kiini, iweke bajeti ya watunzaji wa kudumu kabla ya kuandika mstari wa kwanza.