Baba, Mwana na Bunduki: Rai za Watazamaji juu ya Picha ya Animal

Ni nadra picha ya sinema kuwagawanya watu wa nyumba moja kama ilivyowagawanya picha ya Kihindi iitwayo Animal, maana yake Mnyama, iliyotolewa tarehe 1 Desemba 2023. Mwongozaji wake ni Sandeep Reddy Vanga, na mchezaji mkuu ni Ranbir Kapoor. Urefu wake ni dakika 201, na bodi ya ukaguzi ya India iliiruhusu kwa watu wazima peke yao. Juu ya hayo watu walifurika, na mapato yake ulimwenguni yalihesabiwa kuwa yapata rupia bilioni 9. Fedha hizo si hoja katika uhakiki, kwani umati haujawa kamwe shahidi wa uzuri wala wa ubaya wa kazi ya sanaa; lakini zatuonyesha kwamba jambo tulijadililo halikuwa la watu wachache. Rai za watazamaji ndizo nikusudiazo kuzipima, na picha yenyewe nitaieleza kwa kadiri ya haja hiyo.

Kisa ni cha nyumba. Balbir Singh, tajiri wa viwanda vya chuma huko Delhi, hana wakati wa kukaa na mwanawe Ranvijay. Mtoto ampenda baba kwa mapenzi yasiyojibiwa, na mapenzi hayo yageuka maradhi. Angali mwanafunzi, asikia kwamba dada yake ameudhiwa na vijana chuoni; basi aingia darasani na rashasha kuwatisha waliomuudhi. Baba aona aibu na hasira, na kijana apelekwa mbali katika shule ya bweni. Baadaye amtwaa Geetanjali, msichana aliyekwisha kuchumbiwa na mtu mwingine, amwoa, wahamia Marekani. Siku baba apigwapo risasi, mwana arudi kulipiza kisasi, na kisasi hicho chajaza picha iliyobaki. Adui agunduliwa kuwa jamaa wa damu, wa tawi la ukoo lililotupwa zamani.

Wa kwanza kusema walikuwa watu walioichukia. Katika Baraza la Juu la Bunge la India, mwezi ule ule wa Desemba, mjumbe Ranjeet Ranjan alisema kwamba binti yake, mwanafunzi wa chuo, alitoka ukumbini akilia kabla picha haijakwisha. Mwezi wa Januari 2024, mshairi na mtungaji wa visa vya sinema Javed Akhtar alisema kwamba ikiwa mwanamume katika picha amwambia mwanamke alambe kiatu chake, na picha hiyo yapata fanaka kubwa, basi hilo ni jambo la hatari. Wengine walilalamika kwamba adui amefanywa Mwislamu mwenye wake watatu, bubu na mkatili, pasipo haja ya kisa. Lalamiko hili naliona zito. Yule Abrar alipotewa na sauti utotoni, alipomwona babu yake akijitia moto mbele yake. Mtu wa namna hiyo angeweza kuwa kioo cha Ranvijay, maana wote wawili wamevunjwa na mambo ya wazee wao. Mwandishi ameuona mlango huo, akaupita. Amempa Abrar dakika chache, akamwonyesha akiua katika arusi yake mwenyewe, kisha akamtoa kwenda kupigana.

Wa pili ni wale wasemao, “Hadithi ni hadithi.” Hoja yao ni kwamba mtazamaji mzima ajua tofauti ya damu na rangi nyekundu, na kwamba mhakiki akasirikaye kwa ajili ya mtu wa kubuniwa amesahau kazi yake. Hoja hii ina ukweli ndani yake, wala haifai kudharauliwa. Fasihi haiwezi kuishi kwa kusimulia habari za watu wema tu. Lau ingekuwa hivyo, nusu ya tanzia za ulimwengu zingechomwa moto. Tena kuonyesha si kusifu. Walakini wasemaji hawa hawana msimamo mmoja. Wakiulizwa juu ya kiatu na kofi, hujibu kwamba ni mchezo. Wakiulizwa juu ya baba na mwana, husema kwamba walilia kwa sababu waliyoyaona ni kweli tupu. Haiwezekani kuyapokea machozi kama ushahidi na damu kama mzaha katika picha ile ile, mkononi mwa mtu yule yule. Akubaliye kwamba picha imemgusa moyo kwa huruma amekwisha kukubali kwamba yaweza kumgusa kwa mengine pia.

Wa tatu, ambao hawakusikika sana katika kelele zile, ni watu walioiona kuwa ni picha ya huzuni ya mtoto. Hawa walishika onyesho moja karibu na mwisho. Vita vimekwisha, adui ameuawa, na baba amwambia mwana kwamba ana maradhi yasiyopona. Hapo Ranvijay aomba wabadilishane nafasi: yeye awe baba, na mzee awe mwana. Kisha, kwa sauti ya mtu mwenye haraka na asiyesikiliza, amwonyesha mzee jinsi mtoto alivyoita “Baba, baba” bila ya kupata jibu. Anil Kapoor, achezaye mzee, hana maneno mengi hapo. Uso wake ndio usemao. Hatimaye mzee aomba radhi.

Onyesho hili ndilo bora kupita yote katika picha, na nadhani hata mtu aliyeichukia hana budi kulikubali. Linafanya kwa watu wawili na chumba kimoja jambo lisilofanywa na mashoka wala mizinga. Lakini ndilo pia linaloifichua picha nzima, na sababu yake haionekani mpaka tuitazame nasaba ya picha hizi.

Visa vya Kihindi vya nyumba na bunduki havikuanza jana. Katika Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, Radha, achezwaye na Nargis, ampiga risasi mwanawe Birju kwa sababu amemteka msichana wa kijiji siku ya arusi yake. Katika Deewaar, ya mwaka 1975, mama asimama upande wa mwana aliye polisi dhidi ya mwana aliye mhalifu, ingawa moyo wake wampenda zaidi huyu wa pili. Katika Shakti, ya mwaka 1982, Dilip Kumar, baba aliye polisi, amwua kwa mkono wake mwanawe, achezwaye na Amitabh Bachchan. Na kabla ya hizo zote, katika Awaara ya mwaka 1951, baba ni hakimu aliyemfukuza mkewe kwa shaka, na mwana aliyelelewa na mwizi aletwa kizimbani. Anayeulizwa sana katika baraza lile ni hakimu mwenyewe. Ndani ya picha hizi zote mwana ana haki ya kulalamika. Njaa, dhuluma ya tajiri, aibu iliyoandikwa mwilini, baba asiyemjali: hayo yote yakubaliwa. Lakini yuko mtu mwingine, au liko baraza, liyasikialo malalamiko yake na kumwambia, “Nimekusikia, nawe una hatia.” Hapo ndipo machozi ya mtazamaji yanapopata uzito, maana amlilia mtu ambaye hawezi kumtetea.

Hapa yafaa kukumbuka kwamba Deewaar na Shakti ziliandikwa na Salim Khan na huyo huyo Javed Akhtar. Watetezi wa Animal walimkumbusha jambo hilo, wakiuliza imekuwaje aliyempa India kijana mwenye hasira leo awachukie wajukuu wake. Ni swali la haki, na jibu lake halimo katika kiasi cha damu. Limo katika swali la nani aketiye kitini pa hukumu. Vijay wa Deewaar afa kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama aliyemhukumu. Ranvijay hahukumiwi na mtu. Polisi hawana kazi katika picha hii, wala mahakama. Watu wauawa hotelini kwa makumi, na asubuhi inayofuata swali kubwa ni afya ya muuaji. Amebaki baba peke yake kuwa hakimu, na katika onyesho lile la kubadilishana nafasi hata yeye avuliwa joho. Mwana ashika kiti cha baba, na baba asimama mahali pa mshitakiwa. Baba apaswa kujibu kosa la kutokuwapo nyumbani, na lilikuwa kosa kweli; lakini wale maiti wote hawakutajwa. Huruma tuliyopewa ni ya kweli, nayo imetumika kama stakabadhi ya kufuta deni ambalo si lake.

Kwa watazamaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki jambo hili lina ladha ya pekee. Awaara na Mother India zilijaza kumbi za Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, na nyimbo za sinema za Kihindi ziliingia hata katika muziki wa taarabu. Bibi Laura Fair, mwanahistoria aliyeandika habari za sinema na watazamaji wa Tanzania katika kitabu kilichotoka mwaka 2018, ameonyesha jinsi watu walivyozitoa picha hizo ukumbini na kuzijadili kama mambo yao wenyewe: mapenzi, ndoa, wazee na vijana. Basi mtu aliyekua na mazoea hayo ajua kwamba Ranbir ni mjukuu wa Raj Kapoor, aliyekuwa mwana mshitakiwa katika Awaara, na kitukuu wa Prithviraj Kapoor, aliyekuwa hakimu. Ukoo uleule, baada ya miaka 72, umerudia kisa cha baba na mwana, na safari hii kizimba kimegeuzwa.

Juu ya mapigano sina mengi. Yamepangwa kwa ustadi, na wimbo wa Kipunjabi uimbwao wakati wa mapigano ya mashoka wachemsha damu kama ulivyokusudiwa. Watu walipiga miluzi, nao hawakukosea kuusikia mwito. Kwa maoni yangu ni marefu mno. Yule Ranbir, mchezaji wa macho na wa sauti ya chini, angeweza kututisha zaidi kwa kukaa kitini.

Yaliyonishughulisha zaidi ni wanawake wa picha hii, na naona watazamaji wengi, wapendao na wachukiao, wamewapita upesi. Kiatu kilijadiliwa sana. Zoya ametumwa kumpeleleza Ranvijay. Akiri, asema ampenda, naye atakiwa athibitishe mapenzi kwa kulamba kiatu. Wateteaji walisema kwamba mwanamke huyu ni haini, na haini hutendewa kama haini. Sawa, lakini mke je? Geetanjali hakumsaliti mtu. Rashmika Mandanna amepewa onyesho moja refu la ugomvi, mume akiwa amekiri habari za mwanamke yule mwingine, na ndani yake ameyasema kwa hasira na kwa meno yaliyokazwa mambo ambayo mhakiki angeyaandika: kwamba amechoka kuwa mke wa mtu aliyeoa baba yake. (Maneno haya ni yangu, si yake, ila maana ni hiyo.) Kwa dakika kadhaa picha ina hakimu. Laiti mwongozaji angemwacha aketi.

Na dada yake Ranvijay, Reet? Mwanzoni rashasha ililetwa darasani kwa ajili yake. Baadaye ndugu yake amwua mumewe, shemeji aliyegundulika kuwa mshirika wa maadui. Ulinzi ulioanza kwa kumtetea msichana umemfanya mjane. Katika mikono ya mwandishi mwingine hili lingekuwa shina la kisa chote, maana ndani yake mna swali ambalo Ranvijay hawezi kulijibu kwa bunduki: alikuwa akimlinda nani? Sijaona rai ya mtazamaji, katika nilizozisoma, iliyomtaja dada huyu kwa zaidi ya sentensi moja. Nao hawana lawama sana, kwa kuwa picha yenyewe imempa nafasi ndogo kama hiyo.

Mwezi wa Januari 2024 Ranbir alitunukiwa tuzo ya Filmfare ya mchezaji bora wa kiume, na tuzo ya picha bora ilikwenda kwa 12th Fail, kisa cha kijana maskini afanyaye mtihani wa utumishi wa serikali. Wako waliouona mgawanyo huo kuwa ni woga wa waamuzi. Mimi naona walisoma vema: mchezaji alitenda alilopewa kwa ukamilifu, na upungufu haukuwa wake.

Lakini liko jambo moja zaidi lielezalo kwa nini rai za watu zimetofautiana hata ikawa kama kwamba hawakutazama picha moja. Baada ya baba kuomba radhi, majina ya watengenezaji yapita juu ya pazia, na watu wengi huinuka wakaenda zao wakifuta macho. Waliobaki vitini waliletewa kipande kingine: mtu mwenye uso ule ule wa Ranvijay, uliotengenezwa kwa upasuaji, yuko kazini akichinja watu kwa furaha, na tangazo la picha ya pili, Animal Park. Waliotangulia kutoka walikwenda nyumbani na kisa cha mwana aliyesikilizwa hatimaye. Waliobaki waliambiwa kwamba duka halijafungwa.