Fundi Aliyempima Mama

Fundi alipoingia jikoni mwa Mama hakuanza na ukuta. Alitoa futi mfukoni, akasema, akimwita "mama" kwa Kikamba, "Mwaitu, hebu simama hapa kama unayekata sukuma." Mama akacheka, akasimama. Fundi akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko chake, akaandika kwa penseli juu ya kipande cha mbao. Akamwomba anyooshe mkono juu bila kujikakamua, akaandika tena. Ndipo akaugeukia ukuta.

Mimi nilikuwa nimefika nyumbani kwetu Kathiani, Ukambani, na picha za makabati ya dukani kwenye simu. Nilikwisha kuchagua: meupe, ya mishikio ya chuma, yanayosafirishwa kutoka Nairobi yakiwa vipande ndani ya maboksi na kufungwa kwa siku moja. Sitayasema vibaya makabati hayo. Mtu anayekaa nyumba ya kupanga, au maharusi wanaotaka kuhamia wiki ijayo, yanawafaa kwelikweli. Bei unaijua mapema, na rangi unayoiona ndiyo utakayoletewa. Tena nawajua mafundi wanaopokea malipo ya kwanza kisha wakazima simu. Lakini hilo ni kosa la mtu, si la kazi.

Kilichonifanya nisite ni kabati la nyumba niliyowahi kupanga. Bomba la sinki lilidondosha maji usiku kucha kwa siku chache tu, na sakafu ya kabati ikavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Bodi ile ilikuwa chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kushindiliwa, zikafunikwa ngozi nyembamba nyeupe. Maji yakipenya ukingoni, chembe hufura, na zikishafura hazirudi. Mbao nzima nayo hunywa maji, lakini hukauka, na fundi huweza kuipiga randa ikaendelea na kazi.

Nyumba ya Mama ni ya matofali ya kuchoma. Baba aliijenga kidogo kidogo, kila malipo ya kahawa yalipotoka, na kila chumba kina mkono wa mwashi wake. Fundi alipoweka skwea kwenye pembe ya jikoni, mwanga ulipita kati ya chuma na ukuta. Pimamaji ikaonyesha sakafu inalalia upande wa mlango. Kabati la dukani lina pembe mraba kamili, na kwenye nyumba kama hii ukamilifu huo huacha mwanya nyuma yake ambamo mende watafanya mji. Fundi wetu alifanya jambo ambalo sijachoka kulikumbuka. Aliusimamisha ubao karibu na ukuta, akaishika penseli pamoja na kibanzi kidogo cha mbao, akakiteleza kibanzi ukutani kutoka juu hadi chini. Kila ukuta ulipobonyea, penseli ilibonyea nao, ulipotokeza, ikatokeza. Alipomaliza, upinde wote wa ukuta wa Baba ulikuwa umechorwa juu ya ubao. Akaukata kwa kuufuata mstari, akamalizia kwa randa, akausukuma ubao mahali pake. Hata karatasi isingepita. Mama aliupapasa ule mshono kwa kidole, akanyamaza.

Wanaoamini kwamba jiko la kutengenezwa kwa wingi lazima limsahau mpishi wajue kwamba mwanzo wake haukuwa hivyo. Mwaka 1926 msanifu majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la makabati yaliyojengewa ukutani kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato cha kawaida mjini Frankfurt, Ujerumani. Yalifungwa majiko kama 10,000. Alihesabu hatua za mpishi kutoka sinki hadi mezani, akamwekea mahali pa kukaa anapomenya. Droo ya unga aliitaka iwe ya mwaloni, kwa kuwa mwaloni huwafukuza wadudu wa unga. Yaani jiko lile, lililo bibi wa makabati yote ya maboksi, lilizaliwa na mtu aliyejua mbao gani inafaa kazi gani. Mkuu wa mpango ule wa nyumba, Ernst May, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1934, akalima Tanganyika, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi hadi miaka ya 1950. Hoteli ya Oceanic ya Mombasa ilikuwa mchoro wake. Nikipita maduka ya makabati ya Nairobi, humkumbuka May. Vipimo vimebaki, lakini aliyepimwa ni mwingine kabisa. Sufuria ya Mama ya kupikia isyo, yaani mahindi na maharagwe, wageni wakija haiingii kwenye kabati la dukani. Debe la mahindi halina pake, wala uteo. Na mitungi ya maji ya lita 20, ambayo katika Ukambani ni sehemu ya jikoni kama ulivyo moto, mchoraji wa kabati lile hakuwahi kuiota. Fundi aliiulizia kwanza: mingapi, na nani huiinua? Akaiachia nafasi chini ya kaunta, bila mlango, sakafu ya saruji, ili mtu aivute asiinyanyue.

Mbao zilitoka shambani mwetu. Wageni wanaotoka Machakos mjini kupitia vilima vya Iveti na Mitaboni huyaona matuta yale, yale ya "fanya juu," ambayo udongo hutupwa upande wa juu wa mtaro ili ushikwe usichukuliwe na mvua. Kingoni mwa matuta watu walipanda grevilia. Baba alipanda yetu, na miti miwili ilikuwa imepita umri wa kupogolewa kuni tu. Grevilia ikipasuliwa kuelekea kiini, hutoa madoa yanayong'aa kama magamba ya samaki. Sijui rangi ya dukani inayoyafikia. Fundi hakuikimbilia randa. Mbao zilipangwa kivulini, vijiti katikati ili upepo upite, mawe juu ili zisipinde, na zikakaa miezi. Kwangu huo ulikuwa uchelewaji. Kwake ilikuwa kazi, na alikuja mara kadhaa kuzigeuza.

Milango ndiyo iliyonifundisha zaidi. Fremu ya kila mlango imeungwa kwa ulimi na tundu: ncha ya ubao mmoja imechongwa ulimi, mwingine umetobolewa kwa patasi ukaumeza, bila msumari. Katikati ya fremu kuna ubao mpana unaokaa ndani ya mfuo, nao haukutiwa gundi hata tone. Nilidhani amesahau. Akanieleza kwamba mbao hairefuki, ila hupanuka na kusinyaa kwa upana kila hewa inapobadilika. Ukiifunga kwa gundi pande zote itapasuka au itavunja fremu. Kwa hiyo huiachia nafasi ya kutembea. Wazee wetu walijua tabia za mti tangu zamani: kigoda cha miguu mitatu kilichongwa kutoka gogo moja, kisha kikapambwa kwa nyaya nyembamba za shaba, na mzee akakikalia maisha yake yote. Wamunyu, mashariki mwa Machakos, ikaja kuwa kijiji cha wachongaji baada ya Mutisya Munge kurudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Vinyago vya Wamunyu vimesifiwa dunia nzima. Mlango wa kabati husifiwa na mwenye jiko peke yake, nami naona una akili ileile.

Mvua za Novemba zilipokolea, droo ya vijiko ikaanza kukwama. Mama aliivuta kwa mikono miwili. Nilimpigia fundi kwa sauti ya mtu aliyelipa, naye akaja jioni hiyohiyo, randa kwapani. Aliitoa droo, akapitisha kiganja ubavuni, akaiinua mlangoni kwenye mwanga, akaipapasa tena. Kisha akairudisha mahali pake na kuifunga randa kwenye gunia lake.

"Mwaitu, nikiikata leo, Januari itacheza," alisema. "Nivumilie mpaka jua."

Mama akamwekea chai. Januari niliporudi Kathiani, vumbi likiwa limetanda barabarani, aliniita jikoni kabla sijaweka mkoba chini, akaivuta droo ile kwa kidole kimoja.