Mwana Kupona na Ulimi wa Wanawake

Kwetu Uvira wababa hupenda kusema ya kwamba maneno mengi ni ya wanawake. Hata lugha yawasaidia: mume husema "nimeoa", mke "nimeolewa", kana kwamba yeye hakutenda neno. Na aliyesoma kidogo huwatajia Utendi wa Mwana Kupona.

Basi tumeusoma tena. Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa cha Pate katika pwani ya Kenya, aliutunga mwaka 1858, naye mgonjwa, amwusie binti yake. Kweli, amwambia akae na mume kwa adabu, na mume akinena asimjibu. Hapo wababa hufunga kitabu!

Lakini utendi una beti zaidi ya 100. Binti aambiwa pia azungumze na watu kwa mzaha wa kufurahisha, na neno likiwa la chuki, ndipo heri anyamaze. Huko ni kuchagua, si kufungwa mdomo. Tena anayefundisha kimya ni mama mwenye kunena sana: aamuru, aomba, na karibu na mwisho awaita wanawake wasome. Sisi twamsifu kwa hilo kuliko kwa ubeti ule mmoja.

Tena ni usia wa binti. Mume hakuusiwa humo, naye asijitwalie ruhusa ya kunena peke yake. Mama auzaye ndagala sokoni hubishana bei tangu asubuhi, na kwa maneno hayo watoto hula. Jioni, hesabu ya nyumba ikipigwa, ndiye anyamaze?