Mila Isiwe Pambo la Hadithi

Ndugu msomaji, na hasa wewe mwandishi chipukizi mwenzangu, leo tuambizane ukweli. Hadithi zetu nyingi, sisi vijana wa mikoani, zina ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Sura ya kwanza ni kukimbilia mjini. Mwandishi kazaliwa Bahi, kakulia Bahi, kasoma Bahi, lakini ukifungua muswada wake unakuta msichana anashuka kwenye gari la kifahari kule Masaki, na kijana anamsubiri kwenye hoteli ya ufukweni. Bahari yenyewe mwandishi kaiona kwenye kalenda. Sura ya pili ni ya yule aliyekwisha kuambiwa kwamba lazima tuandike utamaduni wetu. Huyu naye anaanza na babu chini ya mbuyu, moto unawaka, wajukuu wamezunguka, "paukwa, pakawa", kisha ukurasa wa tatu babu amesahauliwa, mbuyu umesahauliwa, na hadithi imepanda basi kwenda Dar es Salaam.

Mimi nasema hawa wawili ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza kakimbia kwao. Wa pili kapatundika ukutani kama picha. Wote wawili hawajaandika kwao.

Nina kipimo changu, tena chepesi tu. Chukua hadithi, ondoa ile mila, ile ngano au ile mbuga iliyomo ndani yake. Kama kisa bado kinasimama, basi ulichoondoa kilikuwa pambo. Kama kisa kinaanguka chali, hapo ndipo tutakubali kwamba mwandishi ametumia utamaduni na mazingira yake.

Hebu tumpime mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Kitabu chake, "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali", alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Wachapishaji hawakupatikana kwa lugha hiyo, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Miaka 35 muswada umekaa! Sisi mhariri akichelewa kujibu miezi mitatu tunasema fasihi imekufa.

Sasa kisa chenyewe. Mke hazai, ndugu wa mume wanaleta maneno, wazazi wa mke wanakuja kumchukua binti yao. Mume anakwenda ukweni kuomba arudishiwe mkewe, na wakwe wanataka pombe ya ndizi. Angalia ufundi uliopo hapo. Pombe ya ndizi haiagizwi dukani. Ndizi lazima zivundikwe ziive, zikamuliwe, togwa ichachuliwe, na majirani waitwe kusaidia. Kwa hiyo mila ndiyo inayompa mume kazi, inayomtenganisha na mkewe kwa siku nyingi, inayotuonyesha nani rafiki na nani mnafiki. Ondoa pombe ile, hakuna riwaya. Kitereza amefaulu kipimo.

Lakini uhakiki si kusifu tu. Ziko sehemu ndani ya kitabu hicho ambamo kisa kinasimama kama treni iliyokosa njia, na mwandishi anaanza kutufundisha namna ya kufanya hiki na kile, kurasa kwa kurasa. Mzee alitaka mambo ya Wakerewe yasipotee, na nia hiyo ni njema kabisa. Ila msomaji kijana, aliyezoea visa vya chapuchapu, hapo anapiga miayo. Fundisho kwetu ni hili: mila inapotendwa na mhusika mwenye shida, tunaisoma kwa pupa. Mila inapoelezwa na mwandishi mwenye nia njema, tunaruka ukurasa.

Sasa turudi kwetu Dodoma. Ugogo tuna mzee wetu, Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Wengi wanamjua kwa mashairi na kwa ngonjera, zile zilizosemwa sana mashuleni baada ya Azimio la Arusha la 1967. Wachache wanajua kwamba mwaka 1954 alitoa kitabu kiitwacho "Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika". Mwaka 1995 kikatoka kwa Kiingereza, kikaenda kusomwa vyuo vikuu vya mbali, wakati vijana wengi wa Bahi hawajui hata jalada lake.

Mnyampala alikuwa na mikono miwili. Mkono mmoja uliandika habari za Wagogo kwa nathari, kama mtu anayetoa taarifa. Mkono wa pili uliandika mashairi kwa vina na mizani, kwa kanuni zilizopikwa na washairi wa pwani. Simlaumu. Katika siku zake Mgogo aliyetunga kwa Kiswahili ilibidi aonyeshe kwamba anaweza kusimama na malenga wa Tanga na Mombasa, na alisimama nao. Lakini riwaya ambayo ingeunganisha mikono ile miwili bado tunaidai. Kihenge kimejaa, mpishi hajaja. Mpishi ni nani kama si wewe na mimi?

Nitoe mfano wa nafaka iliyomo kihengeni. Wagogo wanahesabu miaka kwa njaa, na kila njaa kubwa ina jina lake. Kubwa kuliko zote ni Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imepita hapa. Majeshi yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi, kisha mvua ikagoma. Maelfu ya watu walikufa. Vita ile ilianzia Ulaya, kwa ugomvi ambao mtu wa Bahi hakuujua, na ikamalizia kwenye chungu cha bibi wa Bahi. Sasa niambie, mwenzangu, unakwenda kutafuta kisa Masaki cha nini? Mtu anaweza kuandika riwaya nzima ambayo kila sura ina jina la njaa yake, na msomaji akajua umri wa kila mhusika bila kuandikiwa tarehe hata moja.

Nije kwenye mazingira. Neno "mazingira" limechoshwa na semina, lakini kwa mwandishi lina maana moja tu: vitu vilivyopo na vinavyofanya nini kwa watu. Tazama mbuga ya Bahi. Mto Bubu unamwaga maji yake pale, na mahali penyewe hapana tabia ya kukaa namna moja. Mwaka wa mvua ni ziwa, wavuvi wanatokea, kambare na perege wanauzwa stesheni, na mashamba ya mpunga yanapendeza hadi raha. Mwaka wa ukame ni vumbi tupu, na ng'ombe wanapita palipokuwa na mitumbwi. Mtu aliyekopa pesa ya nyavu mwaka wa maji atalipaje mwaka wa vumbi? Aliyeposa kwa kutegemea mpunga ataoaje? Hiyo tayari ni hadithi, tena mbuga ndiyo mhusika mkuu. Anayeandika "mandhari yalikuwa ya kuvutia" kapita mbele ya mhusika huyo bila hata kumwamkia.

Na majina, jamani! Katika hadithi zetu kila mti ni mbuyu na kila ndege ni ndege tu. Kumbe mrina asali anamjua ndege anayemwita na kumwongoza hadi kwenye mzinga, na anajua kwamba ndege huyo lazima aachiwe masega. Bibi yangu akiokota mboga za porini anazitaja moja moja, na ilende haiiti "mboga ya kienyeji". Mwandishi asiyejua majina ya vitu atajuaje siri zake? Nendeni kwa wachungaji, kaeni nao kutwa, na daftari liwe mfukoni. Masomo haya hayana ada, na mimi niliyeishia kidato cha nne nayafaidi sawasawa na wa chuo kikuu.

Kuna wanaodhani kuandika kwetu maana yake ni kufunga mlango. La hasha. Bahi haijawahi kuwa mlango uliofungwa. Kabla ya reli, misafara ya kutoka pwani ilipita Ugogo, na watemi waliidai hongo ili wapagazi wapate maji na njia. Burton alipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote wawili waliandika manung'uniko yao juu ya hongo hizo. Sisi tumesoma manung'uniko ya mpita njia. Mwenye kisima yeye alisema nini? Alipoona watu mamia wanakuja na punda na bunduki kunywa maji ya kijiji kizima wakati wa kiangazi, aliwaza nini usiku ule? Na tazama neno lenyewe: leo hongo ni rushwa, jambo la aibu, lakini kwa mtemi ilikuwa haki ya mwenye nchi. Riwaya nzima imelala ndani ya neno moja la Kiswahili, na sisi tunalikanyaga kila siku.

Baadaye reli ya kati ikafika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikipita Bahi. Ikaleta wenye maduka, makarani, wafanyakazi wa reli wa kila kabila. Leo mbugani utawakuta Wasukuma na Wabarbaig na mifugo yao, Warangi na biashara zao, na reli ya umeme, ambayo mwaka 2024 ilianza kuleta abiria Dodoma kutoka Dar es Salaam, nayo imepita kwetu. Kuchanganya tamaduni si dhambi katika fasihi yetu. Shaaban Robert katika "Adili na Nduguze" alichukua kisa cha Alfu Lela Ulela, akakivika Kiswahili chake na maadili yake, na hakuna aliyemwita mwizi. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alichukua ilimba na zeze akaenda nazo duniani, na mwaka 2002 akatoa santuri pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Sauti ilibaki ya Kigogo. Mgeni alikaribishwa uani, hakupewa nyumba.

Jambo jingine, nalo ni gumu. Utamaduni si ngoma na mlenda peke yake. Mikoa hii ya kati iko imani ya mchawi kupanda fisi usiku. Katika hadithi za watoto fisi ni mjinga wa kuchekesha, lakini mtaani imani hiyo inaweza kumgeuza kikongwe kuwa adui wa jirani zake. Ukeketaji umekatazwa na sheria tangu mwaka 1998 kwa wasichana walio chini ya miaka 18, na bado unafanyika kwa siri. Mwandishi anayeandika jando na unyago kwa kusifu tu, akaruka kilio cha msichana, huyo anatangaza utalii. Kuipenda mila ni pamoja na kuiuliza maswali mbele za watu.

Najua mtaniambia: "Sawa bwana, lakini nani atanunua hadithi ya Bahi?" Nami nauliza, nani alimtuma Kezilahabi kumzaa Rosa wa Namagondo, kijiji cha kwao Ukerewe? "Rosa Mistika" ya mwaka 1971 imesomwa na watu ambao Ukerewe hawataiona maisha yao yote. Kisiwa kimoja cha ziwani kimetoa Kitereza na Kezilahabi. Ugogo wote huu, na mibuyu yake yote, utasema nini ukiulizwa?

Mtaniuliza pia habari ya lugha. Tuchomeke Kigogo? Ndiyo, pale Kiswahili kinapokosa neno, na sentensi yenyewe ibebe maana ili msomaji wa Lindi aelewe bila kupewa faharasa. Tusichomeke ili kujionyesha. Mhusika akiingia nyumbani na kusema "Mbukwenyi", wakamwitikia, nani hajaelewa kwamba wamesalimiana?

Hili si suala la mitindo tu. Katika vichekesho vya mjini Mgogo ni nani? Ni ombaomba, basi. Ndiye mtu anayenyoosha mkono kwenye taa za barabarani, na watu wanacheka. Sura hiyo haitafutwa kwa kulalamika, wala kwa makala kama hii yangu. Itafutwa siku msomaji wa Kariakoo atakapokesha na mwenye kisima anayedai hongo yake, au na mama wa Mtunya anayegawa uwele wa mwisho kwa watoto watano, na asubuhi akashindwa kucheka kile kichekesho. Na wazee waliosimuliwa Mtunya na waliouona wanapungua kila msimu.

Basi nina ombi, na nimelianza kwenye muswada wangu mwenyewe. Hadithi utakayoileta hapa safari ijayo, ipitishe kwenye kile kipimo kwanza. Ukiweza kuihamishia Masaki bila kubadili kitu, irudishe mezani. Ikiwa haiwezi kuishi popote isipokuwa pale ulipoitoa, ilete hata kama haijapigwa chapa. Tutaisoma.