Kiungo 'na' na hesabu ya viti

Mwaka 1965, msanii Mmarekani Joseph Kosuth aliweka pamoja kiti cha mbao, picha ya kiti hicho, na maana ya neno 'kiti' kutoka kamusi ya Kiingereza. Akaiita kazi hiyo One and Three Chairs.

Hapa Machakos niliwapa wanafunzi jina hilo walitafsiri. Mmoja akaandika 'Kiti kimoja na viti vitatu'. Nikamkata alama: huyu kahesabu vinne! Nikasema jibu ni 'Kiti kimoja na vitatu'. "Hata hivyo ni vinne, Profesa," akanijibu. Alikuwa amenibana.

Kosuth hushikilia kwamba sanaa ni wazo, si umbo. Lakini katika ngeli ya KI-VI, idadi ni umbo: hubadilisha nomino na kivumishi chake, kiti kimoja, viti vitatu. Kiingereza kilitumia nomino moja, fumbo likajificha. Sisi hatuna maficho hayo.

Basi nimebadili msimamo: 'Kiti kimoja, viti vitatu'. 'Na' hujumlisha, mkato humwachia mtazamaji ahesabu mwenyewe. Mwanafunzi yule nimemrudishia alama zake. Kosa lilikuwa letu sote.