Kamaru Babu na Kamaru Mjukuu

Wako watu wasemao kwamba muziki usio na maneno, usio na ngoma wala mahadhi ya kufuatisha kwa mguu, si muziki bali ni kelele za mitambo. Rai hiyo nimeisikia mara nyingi hapa Kasulu, tena kutoka kwa watu wazima wenye busara zao. Katika kurasa hizi nakusudia kuipima kwa kumtazama kijana mmoja wa Nairobi, Joseph Kamaru, ambaye kazi zake hutoka kwa herufi nne tu: KMRU.

Msomaji wa rika langu akilisikia jina hilo atamkumbuka mtu mwingine, na hakosei. Joseph Kamaru wa kwanza alizaliwa mwaka 1939 Kangema, wilaya ya Murang'a, akafariki Oktoba 2018. Aliimba benga kwa Kikikuyu, na silaha yake ilikuwa neno. Aliimba juu ya walimu wanaowataka kimapenzi wanafunzi wao wa kike, na walimu wengi wakachukia. Nami niliyeongoza shule kwa miaka mingi nathubutu kusema kwamba wimbo ule ulikuwa na faida kuliko nyaraka nyingi tulizosomewa. Mwaka 1975 mbunge J. M. Kariuki alipouawa, Kamaru, aliyekuwa karibu na Rais Kenyatta, hakunyamaza. Alitoa wimbo wa maombolezo, na urafiki ule ukaingia doa.

Kamaru wa pili ni mjukuu wake, aliyezaliwa mwaka 1997 na kupewa jina la babu kama ilivyo mila ya Wakikuyu. Mjukuu haimbi. Hutembea na kinasa sauti, akanasa mvua, magari, ndege, umeme unaovuma katika nyaya, na minong'ono ya watu wasiojua kuwa wanasikilizwa. Kisha hukaa mbele ya kompyuta, akazirefusha sauti hizo, akazipanga tabaka juu ya tabaka pamoja na sauti za vinanda vya umeme, hata msikilizaji asiweze tena kusema lipi ni gari na lipi ni upepo. Albamu yake iitwayo Peel ilitolewa mwaka 2020, mwaka wa UVIKO-19, na Editions Mego, kampuni ya Vienna iliyoheshimika sana katika muziki wa namna hiyo. Baadaye alikwenda kusomea sanaa ya sauti mjini Berlin.

Je, huo ni muziki? Peel nimeisikiliza usiku, kwa vidude vya masikioni, taa imezimwa. Kipande cha mwisho chenye jina la albamu kinazidi dakika 20. Ukikingoja kama unavyongoja kiitikio, kitakuchosha. Ukikaa nacho kama mtu akaavyo barazani mvua ikija kutoka mbali, utagundua kwamba kila dakika kuna kitu kimebadilika bila kupiga hodi. Kuna mpango ndani yake, kuna kupanda na kushuka, kuna subira. Hayo ndiyo mambo tunayoyatafuta katika muziki wowote.

Sisi walimu tulifundishwa kwamba stadi za lugha ni nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Tatu za mwisho tumezifundisha na kuzitungia mitihani. Ya kwanza tuliiacha, tukidhani kuwa mwenye masikio anasikia. Nikiwa chuo cha ualimu nilizoea kuwatoa wanachuo nje, wakae kimya dakika tano, kisha waorodheshe walichosikia. Wengi waliandika lori na redio. Upepo katika mikaratusi, mwanamke akitwanga ng'ambo ya bonde, pumzi za jirani yake, hakuna aliyeziandika. Kamaru mjukuu amelifanya zoezi hilo kuwa kazi ya maisha, na amelifikisha mbali kuliko mwalimu yeyote ninayemfahamu.

Kazi yake inayotugusa zaidi watu wa pande hizi ni Temporary Stored ya mwaka 2022. Humo alitumia sauti za kumbukumbu zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji. Tukumbuke kwamba Wabelgiji walitawala hata Buha hii, tangu 1916 hadi 1921, na kwamba jirani zetu wa Kongo na Burundi walibaki mikononi mwao miaka 40 zaidi. Walichukua vinyago, walichukua ngoma, na walichukua sauti pia. Kinyago kikichukuliwa, huacha pengo mahali kilipokuwa. Sauti haiachi pengo linaloonekana. Mpigaji hufa, mjukuu wake hajui kwamba babu aliwahi kurekodiwa, na kanda imelala Ulaya. Kamaru hakuzirudisha kanda zile, maana hana uwezo huo. Alichofanya ni kutufanya tuzisikie kama sauti za watu walio kifungoni, na kuuliza ni nani mwenye haki ya kuzihifadhi.

Hata hivyo sina budi kusema na upungufu. Katika Dissolution Grip ya mwaka 2023 aliyachora mawimbi ya sauti alizonasa, kisha akaitungia michoro hiyo sauti mpya kwa mitambo, na sauti za mwanzo akaziacha nje. Wazo ni la kijasiri, lakini kwangu mimi mahali pamepotea. Nasikia ufundi, sisikii Nairobi. Aidha majina ya kazi zake nyingi ni ya Kiingereza, na wasikilizaji wake wakubwa wako katika kumbi za Ulaya. Babu alieleweka sokoni. Mjukuu anazichukua sauti za soko, na soko halijui.

Lakini haki yake tumpe. Ni yeye huyo anayezitoa upya nyimbo za babu yake ili zisipotee, na anayefanya hivyo hawezi kuitwa mtoro wa mila. Babu aliwafundisha watu kusema. Mjukuu anawafundisha kusikiliza, na jamii inayojua moja tu kati ya hayo mawili ni kilema.

Hapa kwetu wapigaji wa inanga waliobaki ni wazee, na sauti ya chombo hicho ni ndogo, haishindani na spika za sokoni. Karibu kila kijana ana simu yenye kinasa sauti. Asiyeupenda muziki wa Kamaru na asiupende, ila aingoje jioni, aende kwa mzee mmoja, aweke simu juu ya mkeka, anyamaze.